Hakuna chama kilichofika nusu ya viti: nini kinafuata?

Matokeo yakitangazwa na hakuna chama kilichovuka nusu ya viti bungeni, swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sasa nani kashinda?" Kwa nchi ambazo bunge ndilo linalomweka kiongozi wa serikali, jibu ni kwamba bado hajapatikana. Atakayeunda serikali ni yule atakayeungwa mkono na wabunge walio wengi, na si lazima atoke kwenye chama kilichoongoza kwa viti.

Mwaka 2017 huko New Zealand, chama cha National kiliongoza kwa viti 56 kati ya 120. Labour, chenye viti 46, kikaungana na New Zealand First chenye viti 9, na chama cha Green chenye viti 8 kikakubali kuwaunga mkono. Jumla 63. Jacinda Ardern, kiongozi wa Labour, akawa waziri mkuu, na hakuna kura ya mtu iliyoporwa hapo.

Wakati mazungumzo yanaendelea, serikali iliyopo hubaki ofisini kwa muda. Mishahara inalipwa na hospitali zinafanya kazi, ila kwa desturi haianzishi mambo makubwa mapya. Ubelgiji iliishi hivyo kwa siku 541 kati ya 2010 na 2011.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mkataba ambao vyama vinavyoungana hufunga baada ya hesabu ya viti, maana wananchi wengi hawausomi.

Chukua Afrika Kusini. Katika uchaguzi wa Mei 2024, chama tawala cha ANC kilipata viti 159 kati ya 400, mara ya kwanza kukosa wingi tangu 1994. Katiba inataka bunge likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa, na katika kikao hicho rais achaguliwe. Matokeo yalitangazwa Juni 2. Juni 14 Cyril Ramaphosa wa ANC akachaguliwa kuwa rais kwa kura 283, wabunge wa chama cha DA chenye viti 87 wakiwa miongoni mwa waliomuunga mkono. Nani apewe wizara gani, hilo liliendelea kuvutaniwa hadi Juni 30.

Makubaliano ya vyama vilivyoungana kuunda serikali hiyo yalikuwa mafupi. Yalisema maamuzi yafanywe kwa maridhiano, na yakishindikana, vyama washirika vyenye asilimia 60 ya viti vya bunge vikikubaliana vinatosha. Lakini suala zito kama kodi halikumalizwa mezani mapema. Bajeti ya 2025 ilipokuja na pendekezo la kupandisha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15, DA ikaipinga bungeni na kwenda mahakamani, ilhali mawaziri wake wamo serikalini. Aprili mwaka huohuo pendekezo likaondolewa.

Ujerumani ilikwenda taratibu. Ilipiga kura Septemba 2017, serikali ikaapishwa Machi 2018, kwa mkataba wa kurasa zaidi ya 170 ambao wanachama wa SPD, mojawapo ya vyama washirika, waliupigia kura kwanza. Asilimia 66 waliukubali. Miezi ile ilichosha watu, lakini mimi naona ni afadhali kuchelewa mezani kuliko kugombana bungeni bajeti ikiwa imeshafika.

Kwa hiyo mkataba ukitoka, utafute uusome. Angalia ahadi ipi ya chama chako imeachwa, na ulizia ilibadilishwa kwa nini. Kisha tazama mgogoro ukizuka unaamuliwa na nani; kama sehemu hiyo haipo, mbunge wako ana maswali ya kujibu.

Na mshirika akijitoa? Mara nyingi serikali hubaki bila wingi, au uchaguzi huitishwa upya. Ujerumani ina kinga yake: bunge haliwezi kumng'oa kansela, yaani mkuu wa serikali, kwa kura ya kutokuwa na imani bila kumchagua mrithi wake kwa kura hiyohiyo. Ndivyo Helmut Kohl alivyochukua nafasi ya Helmut Schmidt Oktoba 1982, baada ya FDP, chama mshirika wa Schmidt, kuhama upande, na nchi haikukaa hata siku moja bila kansela.