Kantangaze kwenye nyanya: yanayosemwa mashambani na jinsi mambo yalivyo

Wakulima wa nyanya wa Dodoma, wawe wale wa Hombolo au wale wa mabonde ya Mpwapwa na Kongwa, hawahitaji kuelezwa kantangaze ni nani. Jina lenyewe ni kama mdudu anamwambia mkulima "kanitangaze", na kweli ametangazwa. Ni nondo mdogo ambaye viwavi wake hushambulia nyanya, na wataalamu humwita Tuta absoluta. Asili yake ni Amerika ya Kusini, alielezwa kisayansi kutoka Peru mwaka 1917, akaonekana Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akaripotiwa kaskazini mwa Tanzania. Tangu hapo yamesemwa mengi juu yake, na baadhi ya yanayosemwa humgharimu mkulima msimu mzima.

"Hii ni baka, piga dawa ya ukungu." Jani lililoshambuliwa hupata madoa mapana ya kahawia kama lililoungua, hivyo ukilitazama kwa mbali ni rahisi kudhani kuwa ni bakajani, ugonjwa wa ukungu. Lichume uliinue kuelekea jua. Ukiona ngozi mbili nyembamba za jani na uwazi katikati yake, pamoja na vinyesi vyeusi na pengine kiwavi wa kijani hafifu, huyo ni kantangaze, na dawa ya ukungu haimgusi. Mistari myembamba inayojipindapinda juu ya jani ni kazi ya inzi mdogo, mdudu mwingine kabisa. Kwenye tunda kantangaze huacha tundu dogo kama la pini, mara nyingi karibu na kikonyo, ilhali funza wa vitumba hutoboa tundu kubwa linaloonekana wazi.

"Dawa imeisha nguvu, tafuta iliyo kali zaidi au changanya tatu." Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na sababu yake iko kwenye maisha ya mdudu mwenyewe kuliko kwenye chupa ya dawa. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260, mojamoja, hasa kwenye majani. Baada ya siku chache yai huanguliwa, na kiwavi hutoboa na kuingia ndani ya jani, bua changa au tunda, akila humo huku ngozi ya jani ikimkinga. Dawa inayoua kwa kugusa tu, hata ikiwa kali namna gani, hubaki juu ya jani wakati adui yuko chini ya ngozi yake. Kinachohitajika ni dawa inayoweza kupenya kwenye jani, au ile inayomkuta kiwavi mchanga kabla hajaingia.

Jambo la pili ni usugu. Katika nchi nyingi mdudu huyu ameonekana kuzoea makundi kadhaa ya dawa, yakiwamo ya pairethroidi, na hata dawa mpya zaidi zimeanza kushindwa kumuua baadhi ya mahali. Mkulima anayebadilisha jina la dawa kila wiki anaweza kuamini kwamba anazungusha dawa, kumbe majina matatu aliyouziwa yana kiambato kimoja. Kinachotakiwa kusomwa kwenye kibandiko ni kiambato, na pale palipoandikwa, namba ya kundi la utendaji, yaani jinsi dawa inavyoua, kisha kundi libadilishwe kwa kila kizazi cha mdudu, ambacho wakati wa joto ni kama mwezi mmoja. Kuchanganya dawa tatu kwenye bomba moja bila maelekezo ya kibandiko hakuifikishi dawa kwa kiwavi. Kunachofanya ni kuunguza majani, kuongeza gharama na kuwamaliza nyigu wadogo na wadudu wawindaji wanaokula mayai ya kantangaze bila kudai malipo.

Wakati wa kupiga dawa nao una uzito wake, hasa katika eneo lenye upepo na jua kali kama letu. Nondo hujificha mchana katikati ya majani na kuruka alfajiri na jioni. Kupiga dawa jioni, upepo ukiwa umetulia, na kuelekeza bomba hadi chini ya majani, kuna faida kuliko kuongeza kipimo. Lililo zito zaidi ni kwamba siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko hazipunguzwi kwa sababu tu mnunuzi wa soko la Majengo ana haraka.

"Mwarobaini ni dawa ya wazee tu." Dodoma imejaa miarobaini ya vivuli, na labda ndiyo maana tunaidharau. Viambato vya mbegu zake huvuruga ukuaji wa viwavi wachanga na kuwapunguzia hamu ya kula. Hata hivyo huharibiwa upesi na jua, kwa hiyo mwarobaini upigwe jioni, urudiwe mara kwa mara, na usitegemewe peke yake shambani ambako viwavi tayari ni wengi.

"Mtego wa harufu utawamaliza." Chambo cha mtego huo huvuta madume tu, na dume mmoja anaweza kupanda majike kadhaa. Mtego, hata ule wa beseni la maji yenye sabuni, ni jicho la mkulima: idadi ya nondo inapoanza kupanda, huo ndio wakati wa kukagua majani na kuamua kama dawa inahitajika. Chambo kikizeeka bila kubadilishwa, mtego mtupu utakupa matumaini yasiyo na msingi.

"Kiangazi kitamuua." Kinyume chake ndicho sahihi. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba kwenye nyuzijoto 14 mdudu huyu huchukua takriban siku 76 kutoka yai hadi nondo, na kwenye nyuzijoto 27 hukamilisha safari hiyo kwa takriban siku 24. Kwa hiyo nyanya za umwagiliaji, zinazolimwa mvua zikiwa zimekwisha, hukabiliana na vizazi vinavyofuatana haraka.

"Nikiruka msimu mmoja ataondoka." Ataondoka iwapo hatakuwa na pa kukaa. Bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo na mnavu ni wa ukoo mmoja na nyanya, na mnavu uliojiotea pembezoni mwa mfereji humtunza vizuri tu hadi mkulima arudi. Mzunguko wa mazao unaomkata ni wa mtama, vitunguu au alizeti, jirani akishirikishwa, maana nondo hatambui mpaka wa shamba.

Kantangaze husafiri pia ndani ya miche na matenga yanayorudi kutoka sokoni, kwa hiyo miche ikaguliwe kabla ya kupandwa na matenga yaoshwe. Matunda yaliyotobolewa yasitupwe kando ya shamba bali yafungwe kwenye mifuko ya plastiki na kuachwa juani, kwani viwavi wengi hushuka ardhini kugeuka pupa. Baada ya mchumo wa mwisho, mashina yang'olewe na kuteketezwa wiki hiyohiyo, kabla nondo wapya hawajatoka.