Je, wajua kwa nini mtu aliyeiona Antaktika alisubiri miaka 200 kujengewa mnara kwao?

Fungua ramani ya Antaktika utazame ile rasi ndefu inayochomoza kuelekea Amerika ya Kusini. Kati ya rasi hiyo na visiwa vya South Shetland pana mlango wa bahari uitwao Bransfield. Kuna kisiwa cha Bransfield, na mlima Bransfield pia. Kwa karibu miaka 30 Uingereza ilikuwa na meli ya kupeleka wanasayansi na vyakula huko kusini, na meli hiyo nayo iliitwa Bransfield. Lakini huko Ballinacurra, kijiji cha kaunti ya Cork kusini mwa Ireland alikozaliwa mwenye jina hilo, mnara wa kumkumbuka ulizinduliwa tarehe 25 Januari 2020. Zilibaki siku tano itimie miaka 200 kamili tangu siku aliyoliona bara la Antaktika.

Ilikuwaje jina lake lizagae ramanini, naye asijulikane kwao?

Edward Bransfield alizaliwa yapata mwaka 1785, katika familia ya Kikatoliki. Juni 1803, akiwa na miaka 18, alikamatwa kutoka kwenye mashua ya uvuvi ya baba yake na kuingizwa kwa nguvu katika jeshi la majini la Uingereza. Vita na Ufaransa ya Napoleon vilikuwa vimeanza upya mwezi mmoja nyuma, na merikebu za kivita zilikuwa na njaa ya watu. Sheria ya wakati ule iliruhusu kumkamata mtu wa bahari na kumpandisha melini, atake asitake. Ireland yote ilikuwa chini ya taji la Uingereza, kwa hiyo kijana wa Cork hakuwa na pa kushtakia.

Alipelekwa kwenye Ville de Paris, merikebu ya mizinga 110, akiwa baharia wa chini kabisa. Mwaka huohuo aliingia kwenye merikebu hiyohiyo mtoto wa miaka 12, William Edward Parry, mwana wa daktari mashuhuri wa mji wa Bath. Yeye hakukamatwa. Aliingizwa ili alelewe awe ofisa. Wawekeni akilini hawa wawili, maana sehemu kubwa ya jibu letu imo katika tofauti yao.

Bransfield alipanda cheo, tena kwa ujuzi mtupu, hadi akawa rubani wa merikebu za kivita. Rubani ndiye aliyeshika hesabu za safari: kusoma jua na nyota, kutupa bildi kupima kina cha maji, kuchora pwani ambayo hakuna aliyewahi kuichora. Kwa mtu aliyetolewa mashuani bila ridhaa yake, hiyo ilikuwa hatua kubwa mno. Hata hivyo rubani alibaki chini ya maofisa wenye hati ya mfalme, na taarifa za safari zilipochapishwa, waliosifiwa walikuwa wao. Mwaka 1816 alikuwa rubani wa merikebu Severn katika shambulio la mizinga dhidi ya Algiers, mji wa bandari wa Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1817 akahamishiwa Andromache, merikebu iliyopelekwa Valparaíso, Chile, chini ya nahodha William Shirreff.

Huko Chile ndiko bahati ilikomkuta. Februari 1819 nahodha wa meli ya biashara, Mwingereza William Smith, alikuwa akizunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika ya Kusini, na meli yake Williams. Pepo zikamsukuma kusini kuliko alivyokusudia, akaona nchi mahali ambapo ramani zilionyesha maji matupu. Alipofika Valparaíso na kusimulia, wakubwa wa jeshi la majini hawakumwamini. Oktoba mwaka huohuo akarudi, safari hii akatia mguu nchi kavu. Hapo Shirreff akasadiki. Akaikodi Williams pamoja na Smith mwenyewe, na akampa Bransfield uongozi wa safari ya kupima na kuchora.

Waliondoka Valparaíso Desemba 1819, kwa meli ndogo ya mizigo ya milingoti miwili, isiyotengenezwa kwa ajili ya barafu. Tarehe 22 Januari 1820 walishuka katika kisiwa walichokiita King George na kusimika bendera kwa jina la mfalme George wa Tatu. Wiki moja baadaye mfalme huyo akafariki, nao kule hawakuwa na habari. Siku iliyofuata kifo hicho, tarehe 30 Januari, baada ya kupapasa njia katikati ya ukungu na miamba ya barafu, waliona kusini mwao milima iliyofunikwa na theluji. Bransfield akaichora, akaipa jina la Trinity Land. Hiyo ndiyo ncha ya kaskazini ya bara la Antaktika.

Lazima tuseme kweli kuhusu nani alitangulia. Siku mbili tatu kabla, upande mwingine kabisa wa bara hilo, Fabian von Bellingshausen aliyeongoza msafara wa Urusi aliona ukuta wa barafu ambao leo tunajua umeshikamana na bara. Wanahistoria wengi humpa yeye nafasi ya kwanza. Wanaomtetea Bransfield husema kuwa Mrusi aliona barafu, na Bransfield aliona milima, yaani nchi yenyewe, akaichora ramanini. Kwangu mimi ubishi huu haupunguzi kitu. Mvuvi aliyekamatwa kwa nguvu ndiye aliyechora kipande cha kwanza cha ardhi ya bara la saba, na hilo peke yake lilitosha kumpa jiwe la kumbukumbu miaka mingi iliyopita.

Sasa turudi kwa Parry. Katika majira yaleyale ambayo Bransfield alikuwa ukunguni kusini, Parry alikuwa upande wa juu wa dunia, akitafuta njia ya kupita kaskazini mwa Kanada. Alikuwa na merikebu mbili zilizoimarishwa kwa ajili ya barafu, na nyuma yake alikuwa na serikali iliyongoja kila neno lake. Aliporudi alichapisha kitabu, na mwaka 1829 akapewa heshima ya kuitwa Sir. Bransfield alirudi Valparaíso Aprili 1820, akakabidhi ramani na batli, yaani daftari la safari. Ramani zilihifadhiwa. Batli ikapotea mikononi mwa wakubwa waliopaswa kuitunza, na haijapatikana hadi leo. Hakuandika kitabu. Aliacha jeshi la majini, akafanya kazi kwenye meli za biashara, na akafariki mwaka 1852 mjini Brighton, kusini mwa Uingereza.

Habari yake iliyowavutia watu zaidi wakati ule ilikuwa ya ngozi. Visiwa vya South Shetland vilijaa sili wenye manyoya, na msimu uliofuata wawindaji wa Uingereza na Marekani walimiminika huko. Ndani ya miaka michache wanyama hao walikaribia kwisha. Walipoadimika, na hamu ya kuvizungumzia visiwa ikaisha.

Hiyo ni nusu ya jibu, ile ya Uingereza. Nusu ya pili iko Ireland, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Bransfield alipofariki, Ireland ilikuwa ikitoka kwenye Njaa Kuu iliyoua watu wapatao milioni moja na kuwasukuma wengine wengi kwenda Marekani. Nchi iliyokuwa ikizika watu wake haikuwa na nafasi ya kumwulizia rubani aliyezikwa Brighton. Baadaye, Ireland ilipopigania uhuru na kuupata mwaka 1922, likaja tatizo jingine: mashujaa wa barafu karibu wote walikuwa wamevaa sare za Uingereza. Kuwasifu hadharani kulionekana kama kulisifu jeshi la mtawala.

Anayeonyesha hili waziwazi ni Tom Crean wa kijiji cha Annascaul, kaunti ya Kerry. Alikwenda Antaktika mara tatu, katika misafara iliyoongozwa na Robert Scott kisha Ernest Shackleton. Mwaka 1912 alitembea peke yake kilomita zipatazo 56 juu ya barafu, bila hema, akiwa na biskuti tatu na vipande viwili vya chokoleti, ili aokoe maisha ya ofisa wake aliyekuwa akifa kwa kiseyeye. Miaka minne baadaye alikuwa mmoja wa watu sita waliovuka bahari kwa mashua ndogo kutoka kisiwa cha Elephant kutafuta msaada, huku wenzao 22 wakibaki kisiwani. Kisiwa hichohicho kilichorwa na Bransfield mwaka 1820, na mmoja wa wale sita, Tim McCarthy, alitoka Kinsale, kaunti ileile ya Bransfield.

Crean alistaafu na kurudi Kerry mwaka 1920, vita vya uhuru vikiwa vimepamba moto. Aprili mwaka huo kaka yake Cornelius, sajini wa polisi ya utawala wa Uingereza, aliuawa na wapiganaji wa uhuru. Tom alizificha medali zake. Alifungua baa, akaiita kwa jina la Ncha ya Kusini, akawauzia watu bia na hakusimulia habari za Antaktika. Alifariki 1938. Sanamu yake, iliyochongwa na Eamon O'Doherty, ilisimamishwa kuelekeana na baa hiyo mwaka 2003, miaka 65 baada ya kifo chake. Ilibidi vizazi vipite, na amani ipatikane mwaka 1998 huko Ireland ya Kaskazini, sehemu iliyobaki chini ya Uingereza, ndipo watu waweze kumtazama baharia kama mwana wao bila kuuliza kwanza alivaa sare ya nani. Kinsale nao wakaweka sanamu za Tim McCarthy na ndugu yake Mortimer.

Crean alikuwa na faida ambayo Bransfield hakuwa nayo. Alipigwa picha, na picha ile akiwa amebeba watoto wa mbwa mikononi inajulikana dunia nzima. Alirudi kwao, akaoa kwao, akazikwa kwao. Bransfield hana picha wala mchoro wa uso unaojulikana. Posta ya Uingereza ilipotaka kumwekea stempu mwaka 2000, haikupata sura ya kuchapa, ikachapa ile meli iliyopewa jina lake. Kaburi lake kule Brighton lilikutwa limechakaa, likakarabatiwa mwaka 1999 kwa michango ya watu.

Ndiyo maana mnara wa Ballinacurra una uzito wa pekee. Haukujengwa kwa amri ya serikali. Wakazi wa eneo lile na wapenzi wa historia waliunda kamati, wakachangisha fedha, wakampigania mtu ambaye hakuna aliyeweza kusema alikuwa na pua ya namna gani. Walichokuwa nacho ni ramani zake, na shajara ya kijana aliyekuwa naye kwenye Williams, Poynter, iliyotunzwa katika maktaba huko Wellington, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2000. Humo safari inasomeka siku baada ya siku, kwa macho ya mtu aliyekuwapo.

Bado yuko mmoja ambaye ningependa atajwe kila anapotajwa Bransfield, naye ni William Smith, mwenye meli, aliyeona visiwa vile kwanza na kuitwa mwongo. Aliomba serikali imtambue kwa ugunduzi wake na hakupata kitu. Alifariki mwaka 1847 jijini London, katika nyumba ya hisani ya mabaharia maskini.