BMI ni nini, na ile namba ya kwenye mzani inakwambia nini

Ukipita Kariakoo utamkuta kijana na mzani wake pembeni ya barabara, unampa hela kidogo unapanda, anakwambia "dada kilo 78, urefu mita moja na sentimita 62, BMI 29.7", basi unaondoka hujui ufurahi au ukimbilie hospitali.

BMI (kwa Kiingereza Body Mass Index) ni uzito wako ukilinganishwa na urefu wako, basi. Hesabu yake kwenye simu ni nyepesi: kilo gawanya kwa urefu wa mita, jibu ligawanye tena kwa urefu uleule. 78 gawanya kwa 1.62, alafu tena kwa 1.62, inakuja 29.7. Na vua viatu jamani, maana ukipima na kisigino cha sentimita 4 inashuka mpaka 28.3 na hujapungua hata gramu moja.

Kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani linasema chini ya 18.5 uzito ni pungufu, 18.5 mpaka 24.9 uko sawa, 25 mpaka 29.9 umezidi, 30 kwenda juu huo ni unene wa kupindukia. Kwa hiyo dada yetu ana uzito uliozidi na 30 iko mlangoni, kwa urefu wake kilo za kawaida ni kama 49 mpaka 65, ingawa mtaani watamwambia kanawiri.

Sasa hapa ndo watu wanapochanganya. Hesabu hii aliianzisha Quetelet wa Ubelgiji miaka ya 1830, mtu wa hesabu na wa kuchunguza nyota za angani wala sio daktari, alikuwa anatafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja, hili jina la BMI lenyewe limekuja 1972 na mtafiti Mmarekani Ancel Keys. Mzani haujui hizo kilo ni mafuta au misuli. Chukua mbeba mizigo wa sokoni, kilo 85, mita 1.70, BMI yake 29.4, karibu sawa na ya yule dada, ila mwili wote msuli mtupu. Alafu kuna mzee wa ofisini, miguu myembamba, BMI 24, kitambi kinamtangulia mlangoni, huyo ndo wa kumwangalia, maana mafuta ya tumboni ndo yanaendana na kisukari na presha na magonjwa ya moyo.

Ndo maana namba hii itembee na kiuno. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha kati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani (tunakujua). Mwanamke akivuka sentimita 80 au mwanaume 94 hatari imeanza kupanda, 88 na 102 imepanda sana, hapo kapime sukari na presha hata kama BMI inakusifia.

Wajawazito hawahusiki na viwango hivi, na watoto wana chati zao za umri na jinsia, usimpigie mwanao hesabu ya mtu mzima ukaanza kumnyima chipsi.