Kwa nini baa ya ufukweni ikiwashwa taa nyingi, bahari hupotea?

Si ajabu baa ya Diani au Kilifi ikachorewa Nairobi. Mwenye mali anakaa huku, mchoraji yuko huku, na taa zinanunuliwa Luthuli Avenue kabla ya kupakiwa kwenye lori. Ujenzi mpya ukikamilika, mchana mambo ni sawa. Giza likiingia, mteja aliyelipia meza ya dirishani anageuka kutazama bahari na kukutana na uso wake mwenyewe.

Kinachofanya hivyo ni kioo. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha takriban asilimia 8 ya mwanga unaokigonga, 4 kwa kila upande. Mchana huoni chochote, maana mwanga wa nje umeimeza hiyo 8. Usiku hesabu inapinduka. Mbalamwezi hutoa takriban laksi 0.2 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mahali), ilhali meza ya baa yenye mwanga wa wastani hupata kama laksi 50. Asilimia 8 ya 50 ni 4, yaani kwa hesabu ya haraka mara 20 ya mwezi. Waliozoea matatu za usiku wanalijua hili: taa za ndani zikiwaka, kuona stejini mpaka ubandike paji la uso kwenye kioo na kuukinga mwanga kwa viganja.

Baa isiyo na vioo, ile ya makuti iliyo wazi pande zote, nayo haijaponea. Seli za jicho zinazoona gizani huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea vizuri, na mwanga mkali wa ghafla huzirudisha mwanzo. Balbu moja tupu iliyo usawa wa macho huharibu kuliko taa kumi zilizofichwa.

Kwa hivyo swali la kwanza la mchoraji mzuri ni mteja ataketi wapi na ataangalia wapi. Taa zinashushwa: chini ya ukingo wa kaunta, kwenye vidato vya ngazi, na juu ya meza taa ndogo yenye kofia inayomulika sahani tu. Ukuta unaotazamana na dirisha upakwe rangi iliyokolea, kwa sababu huo ndio utakaoonekana kwenye kioo. Ile nyeupe tunayopaka kila mahali inafaa upande wa choo. Kisha fundi wa stima aje saa moja na nusu usiku, aketi meza ya mbele, awashiwe taa moja moja. Yoyote atakayoiona kwenye kioo ihamishwe au ivishwe kofia.

Dukani watakuuliza tu, "Nyeupe ama ya manjano?" Wewe soma boksi. Namba yenye herufi K mwishoni ndiyo rangi ya mwanga: 6500K ni nyeupe ya kibuluu, 2700K inakaribia balbu za zamani. Chukua ya pili, na swichi ya kupunguza mwanga juu yake.

Upande wa ufuo mambo hubadilika, hasa sehemu kama Watamu ambako kasa hutaga mayai. Vifaranga wakitoka mchangani hufuata upeo ulio na mwanga zaidi, ambao kiasili ni bahari. Taa ya baa huwavuta nchi kavu. Huko nje weka taa za chini, zilizozibwa upande wa maji, za rangi ya kaharabu.

Halafu kuna chumvi, ambayo Nairobi hatuijui. Alama ya IP65 inaahidi kwamba vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayapenyi, lakini haisemi lolote kuhusu kutu. Angalia skrubu. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 huhimili hewa ya bahari kuliko 304. Lakini ukiikaza moja kwa moja kwenye taa ya alumini, unyevu wa chumvi ukizigusa zote mbili, alumini ndiyo huliwa. Weka kipete cha plastiki (washa) katikati.