Moyo unaenda mbio, usingizi hauji: maswali kuhusu hofu wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Tangu hapo Kanda ya Ziwa imeshuhudia Marburg mkoani Kagera mara mbili, 2023 na 2025, na Ebola imepiga kwa majirani zetu Uganda. Kila tangazo likitoka, maswali ni yaleyale, hapa Mwanza, kuanzia mwaloni Kirumba hadi Igoma.

Tangu nisikie ugonjwa umeingia silali, moyo unadunda. Ndiyo nachanganyikiwa?

Hapana. Mwili ukihisi hatari humwaga homoni ya adrenalini: mapigo hupanda, misuli hukaza, tumbo huvurugika, usingizi hukimbia. Hautofautishi mamba aliye ufukweni na habari za vifo kwenye simu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa kwanza wa korona wasiwasi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) viliongezeka kwa asilimia 25 duniani, kwa hiyo mko wengi.

Anza na simu. Chagua nyakati mbili tu kwa siku za kufuatilia habari, na zile sauti za "daktari mmoja amesema" kwenye makundi ya WhatsApp zifute bila kuzisikiliza. Ukiwa na swali, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya.

Kifua kinabana. Nitajuaje kama ni hofu au ni ugonjwa wenyewe?

Hofu kali huja ghafla, hupamba moto kwa dakika kumi hivi, kisha hushuka. Mtu huhema harakaharaka, kabonidayoksaidi hupungua kwenye damu, na ndipo vidole na midomo hufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Kaa chini, vuta hewa taratibu kwa pua, itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, rudia mpaka mapigo yatulie.

Ila ukiwa na homa, kikohozi, au unaishiwa pumzi hata ukiwa umekaa, nenda kituo cha afya. Mwenye presha au kisukari asijiambie "ni mawazo tu", apimwe kwanza. Kupimwa ukakutwa mzima si aibu.

Mimi siogopi kuugua, naogopa njaa. Biashara ya samaki imesimama na nina marejesho.

Hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 2020 ndege zilipopungua na hoteli za Ulaya kufungwa, soko la minofu ya sangara lilitikisika, na hofu ya mwenye mkopo ilikuwa na sababu kabisa. Kumwambia mtu huyo "usiwe na wasiwasi" ni kumpotezea muda.

Dada, andika kwenye karatasi unadaiwa nini, na nani, lini. Mweleze mwenyekiti wa kikoba kabla ya siku ya marejesho, si baada ya kuanza kumkwepa njiani. Kukwepa ndiko kunakoongeza kukosa usingizi, kwa sababu kila simu inayoita unadhani ni ya deni. Deni halitaisha leo, lakini mara nyingi marejesho madogo yanajadilika.

Mume wangu sasa kila jioni yuko kilabuni, akirudi ni ukali kwa watoto.

Mama, kwa wanaume wengi sonona haionekani kama kulia. Huonekana kama hasira, pombe na kujitenga. Pombe humlaza haraka, kisha humwamsha saa tisa usiku akiwa na wasiwasi zaidi. Zungumza naye asubuhi akiwa hajanywa, na useme ulichokiona: "siku hizi huli, na umemfokea mtoto jana." Usianze na "umekuwa mlevi." Akipiga watu, usalama wenu kwanza: nendeni kwa ndugu, mtoe taarifa dawati la jinsia polisi.

Vidonge vya usingizi vya kununua dukani bila cheti cha daktari ni mtego mwingine. Mwili huvizoea upesi.

Tulimzika baba na watu wachache, bila matanga. Bado sijakubali.

Kilio kilichokatishwa hubaki ndani. Hakuna kinachowazuia kukutana sasa, hali ikiruhusu, mkasoma dua au kufanya misa, mkapika, na kila mtu akamsimulia baba.

Ni lini niende hospitali?

Huzuni au wasiwasi ukizidi wiki mbili, ukashindwa kula, kulala au kufanya kazi, anza na zahanati ya karibu, waeleze, wakupe rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, wana idara ya magonjwa ya akili.

Anayesema "bora nife" asibaki peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ondoa nyumbani sumu ya panya, dawa ya kupulizia pamba na vidonge vyote, kisha mpeleke hospitali usiku huohuo.