Je, wajua kwa nini Oysterbay kuna miti na Kariakoo hakuna?

Kuna kitu kimoja ujaribu siku ukiwa na muda. Ukiwa Dar es Salaam, panda daladala ya Masaki saa nane mchana, jua la Januari lile la kuchoma utosi, kaa dirishani, gari ikishavuka daraja la Salenda na kuingia Oysterbay toa mkono nje kidogo (ila angalia bodaboda). Utasikia kabisa joto limeshuka, kivuli juu, upepo pembeni, kelele zimebaki nyuma, na hapo umetoka kilomita chache tu kutoka Kariakoo ambako ukitaka kivuli unaomba usimame chini ya mwamvuli wa muuza vocha.

Ukiuliza watu jibu lao jepesi, aah kule ni baharini bwana. Sawa, bahari ipo, na upepo wa baharini unaipiga ile pwani ya Oysterbay uso kwa uso. Lakini Feri nako si baharini? Na Msasani kijijini je, wavuvi walikuwepo pale kabla hajaja Mzungu yeyote na kamba yake ya kupimia viwanja, na ukipita leo nyumba zimebanana bati linagusa bati. Kwa hiyo bahari peke yake haioteshi miti. Kilichootesha miti Oysterbay ni kanuni za ujenzi. Na mbu.

Ndio, mbu. Twende taratibu.

Dar ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar miaka ya 1860, Wajerumani wakaja wakaifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni za ujenzi: upande huu ruksa nyumba za mtindo wa Kizungu tu, upande ule zijengwe za udongo na makuti. Uzunguni ya kwanza kabisa haikuwa Oysterbay, ilikuwa kule Ikulu na Ocean Road, na ndo maana bustani ya mimea, ile Botaniko ya mwaka 1893, iko kule, na hospitali ya Ocean Road ya mwaka 1897 iko kule. Shida yao kubwa ilikuwa malaria. Mpaka Robert Koch mwenyewe, daktari aliyekuwa na jina dunia nzima, alifika Dar mwaka 1897 kuichunguza.

Sasa ilipokuja kujulikana kwamba mbu ndo anaibeba malaria, madaktari wa kikoloni, sio Dar tu, karibu Afrika nzima, wakapiga hesabu yao: vijidudu viko kwenye damu ya wenyeji, hasa watoto, mbu haruki mbali, basi weka uwanja mtupu katikati ya mwenyeji na Mzungu na mbu atachokea njiani. Hesabu yenyewe ilikuwa nusu sayansi nusu ubaguzi, maana hao wapishi na mayaya walikuwa wanalala kwenye vibanda vya uani kwa Mzungu huyohuyo. Ila ikafuatwa. Mnazi Mmoja pale unapopaona peupe ni tunda la hesabu hiyo, Wajerumani walipanga kupaacha wazi, Waingereza walioingia mjini mwaka 1916 wakamalizia. Tunacheza mpira na kufanya mikutano kwenye kiwanja kilichoachwa ili mbu wetu wasifike kwa wenzetu!

Waingereza nao wakagawa mji kanda tatu. Ya kwanza Uzunguni, ya pili Uhindini, ya tatu Uswahilini, yaani Kariakoo na Ilala (Kariakoo jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita ya kwanza waliowekwa kambi pale). Ujanja wao ni kwamba kanuni hazikusema Mwafrika asikae kanda ya kwanza. Zilitaja aina ya nyumba. Kanda ya kwanza lazima nyumba iwe ya kiwango fulani, vifaa fulani, kiwanja kikubwa, na kwa mshahara wa wakati ule ni nani Mwafrika angeijenga? Hukuhitaji kibao cha kukataza watu, bei ilitosha kukataza.

Kufika miaka ya 1920 kule Ocean Road kumeanza kubana, wakatupia macho ng'ambo ya mkono wa mto Msimbazi. Mwaka 1929 likajengwa daraja, likapewa jina la Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za ujenzi wa Tanganyika, jina ambalo sisi tumeshalisaga likawa Salenda na wala halilalamiki. Daraja ndo likaifungua Oysterbay. Jina la ufukwe wenyewe ni la chaza, wale wadudu wa kwenye gamba wanaong'ang'ania miamba.

Sasa hapa ndo jibu la swali letu lilipo, kwenye ukubwa wa kiwanja. Oysterbay viwanja vilikatwa vikubwa, vingi vinafika ekari na vingine vinapita, na kila kiwanja nyumba moja tu, imekaa katikati mbali na barabara, madirisha mapana na baraza vimeelekezwa kwenye upepo, nyuma kabisa sevanti kota, mbele uzio wa michongoma. Ukishapiga hesabu ya eneo linalobaki unakuta ni kubwa kuliko nyumba. Utalifanyia nini? Unapanda mti. Ndo ikaja mikrismasi inayowaka maua mekundu kila Desemba, miarobaini, mikungu, mivinje ufukweni, bogenvilia getini, na mibuyu wala haikupandwa na mtu, wapima viwanja waliikuta wakaipisha.

Kariakoo hesabu ni nyingine kabisa. Kiwanja kidogo, kimekatwa mraba mraba kama daftari la hesabu, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma, na kila chumba familia. Huo ua una choo, una jiko, una kamba za kuanikia, una watoto, una mwenye nyumba anayetaka kuongeza banda la kupangisha. Mkrismasi utauweka wapi, na mizizi yake ilivyo na fujo na misingi ya nyumba? Kwa hiyo mtu akikuambia Waswahili hawapendi kupanda miti mwambie akapimwe kiwanja kwanza. Na mti ukikosekana joto linaongezeka lenyewe, maana jani linatoa maji hewani linapoza, bati na lami kazi yake kunywa jua mchana kutwa na kulitema usiku ukiwa umelala.

Halafu baada ya uhuru mwaka 1961 unategemea mchoro ubadilike, lakini ulibadilika majina tu. Barabara zikapewa akina Haile Selassie, Toure, Kenyatta, Kaunda, yaani Uzunguni nzima ikageuka kikao cha umoja wa Afrika, nyumba wakaingia mawaziri, maofisa wakubwa na mabalozi, ila viwanja vikabaki vilevile na mtindo uleule wa nyumba kufuata cheo, ukitumbuliwa leo kesho unafunga virago. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ilipowauzia watumishi wake nyumba nyingi za aina hiyo, uamuzi uliozua kelele sana na binafsi naona kelele zilikuwa na haki, kwa sababu nyumba ya mtumishi ikishakuwa mali ya mtu binafsi hesabu ya ekari moja nyumba moja inaanza kumuuma. Panaingia ghorofa. Michongoma imeng'olewa umekuja ukuta na nyaya za umeme juu, watoto wa geti kali wanaujua mti wa jirani kwa ncha tu.

Na usidhani zile kanda zimekufa. Neno uswazi tunalotaniana kila siku limetoka kwenye Uswahilini ileile ya kanda ya tatu, na mwenzake ushuani amekuja kuikalia nafasi ya Uzunguni. Tena nenda kaulize kiwanja kilichopimwa, mfano zile sehemu za mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, Kibada au Mbweni, utaulizwa unataka cha ujazo gani, mdogo, wa kati au mkubwa. Ujazo mdogo, yaani viwanja vikubwa nyumba chache, ndo ile Oysterbay, imevuliwa suti ya kikoloni ikavalishwa kaunda suti. Mwenye hela ananunua nafasi ya mti, asiye nayo ananunua nafasi ya kitanda.

Mahali pekee pande hizo mbili zinapokaa pamoja bila geti ni Coco Beach, ufukwe wa Oysterbay, Jumapili jioni, familia zimetoka Mbagala na Manzese na daladala mbili mbili, wa Masaki wameshuka na mbwa wao, wote wanakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili hukohuko kwenye upepo ambao zamani kukaa nao ilikuwa mpaka uwe na nyumba ya kiwango. Kunguru nao wako juu ya mivinje wanasubiri mishikaki idondoke. Hao kunguru wenyewe asili yao India, waliingia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka, na kanuni za kanda haziwahusu, wanalala Oysterbay wanakula Kariakoo.