Kahawa chungu haitulizi mawazo

Kwenye baraza za kahawa wapo wasemao: mwenye mawazo mpe finjani ya kahawa chungu alfajiri, atatulia. Kutulia anatulia, ila siyo kwa kuwa kahawa hutuliza. Kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye kahawa, huziba nafasi za adenosini, kemikali inayouambia ubongo kuwa umechoka, na hupandisha adrenalini. Ndiyo maana moyo hudunda na vidole hutetemeka. Mnywaji wa kila siku akikosa kahawa kwa muda wa saa 12 hadi 24, kichwa humgonga na hasira humpanda. Finjani ya alfajiri humtoa arosto tu.

Kosa kubwa liko usiku. Baada ya muda wa takriban saa 5 tangu kunywa, nusu ya kafeini bado imo mwilini. Kahawa ya baada ya isha hukata usingizi, na asubuhi mtu huamka na wasiwasi, akalitafuta tena dele (birika la kahawa). Kuanzia alasiri, kunywa tangawizi tupu (ile ya dele huenda ikawa na kahawa ndani). Usiache ghafla: punguza finjani moja kila siku 3 au 4. Mapigo yakienda mbio, vuta pumzi sekunde 4, itoe kwa 6, kwa dakika 5.